Taa, hariri na daftari: fundi wa Venice ana la kutufunza

Ukizunguka usiku katika hoteli na nyumba za wageni za Shela, Watamu au Diani, hutakosa kuziona taa zilizovishwa nguo. Hapa kikoi kimezungushiwa fremu ya waya, pale leso imening'inizwa darini na balbu imo ndani yake. Wageni huzipiga picha wakaenda nazo kwao. Ukimuuliza mwenye mahali ni nani aliyezitengeneza, mara nyingi jibu ni moja: "Ni fundi tu wa hapa mtaani."

Neno hilo "fundi tu" ndilo lililonifanya nishike kalamu wiki hii. Yuko mtu aliyekaa Venice, Italia, miaka zaidi ya mia iliyopita, akafanya kazi hii hii ya kuoanisha taa na kitambaa. Amekufa zamani, lakini taa zake bado zatengenezwa na jina lake bado latajwa pamoja nazo. Nataka tuangalie alichokijua, alichokichukua kwa Waislamu, na alichokiandika. Kisha tuziangalie taa zetu wenyewe: vipi ziwe nzuri, vipi zisiunguze nyumba, na vipi anayezishona asibaki "fundi tu".

Taa na nguo ni ndugu wa zamani

Kabla ya stima, hapakuwa na taa isiyohitaji nyuzi. Kibatari kina utambi wa pamba, kandili ina utambi wa pamba. Walio na umri wangu na zaidi wanazikumbuka karabai za maulidi na za harusi, na kile kifuko cheupe cha wavu kinachofungwa ndani yake. Kile ni kitambaa kilichochovywa katika dawa za madini. Ukikiwasha mara ya kwanza, nyuzi zinaungua na kubaki jivu lenye umbo la kifuko, na jivu hilo ndilo linalong'ara likipata moto. Ndiyo maana ukikigusa kwa kidole kinakatika. Ni uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyeusajili mwaka 1885.

Stima ilipoingia, nguo ilifukuzwa kazi. Balbu haihitaji utambi. Lakini balbu ikaja na aibu yake: mwangaza mkali usiotazamika, unaotupa vivuli vyeusi ukutani na kuzifanya nyuso za watu zionekane kama za wagonjwa. Nguo ikabidi irudi kwa kazi mpya, kuutuliza mwangaza. Na hapo ndipo anapoingia mtu wetu.

Mtoto wa Granada

Mariano Fortuny y Madrazo alizaliwa Granada, Hispania, mwaka 1871. Granada ndio ule mji wa mwisho wa dola ya Kiislamu ya Andalus, wenye jumba la Alhambra. Baba yake alikuwa mchoraji mashuhuri. Mwaka 1860 alipelekwa Morocco kuchora vita baina ya nchi hiyo na Hispania, na akarudi na mapenzi makubwa ya vitu vya Waislamu. Akawa anakusanya vyombo vya udongo, silaha na nguo za kale. Baba huyo alifariki mwaka 1874, mtoto ana miaka mitatu tu. Mama, Cecilia de Madrazo, naye alikuwa mkusanyaji wa vitambaa vya thamani. Aliwahamishia watoto Paris, na mwaka 1889 wakahamia Venice. Kwa hivyo kijana huyu alikulia katika nyumba yenye makasha ya hariri na mahameli, akizigusa na kuzitazama kila siku.

Kazi iliyompandisha kwanza ilikuwa mwangaza wa jukwaani. Mwaka 1900 alitengeneza mandhari na mavazi ya opera ya Wagner, Tristan und Isolde, katika jumba la La Scala mjini Milan. Tatizo la majukwaa ya wakati ule lilikuwa kwamba taa ziliwapiga waigizaji moja kwa moja. Miti ya karatasi ilionekana karatasi, na mbingu ilionekana ni turubali iliyopakwa rangi.

Fortuny alijifunza kwa kuutazama mchana. Hebu nawe kaa barazani saa nne asubuhi. Jua halikupigi, uko kivulini, lakini gazeti unalisoma bila shida. Mwangaza huo umekujia wapi? Umegonga mbingu, ukagonga ukuta mweupe wa jirani, ndipo ukakufikia wewe ukiwa umeshapoa. Basi naye akazigeuza taa zake zisilitazame jukwaa. Akazielekeza kwenye vipande vya hariri vya rangi mbalimbali, na ule mwangaza uliorudi kutoka kwenye hariri ndio ulioangaza jukwaa. Akitaka machweo anavuta kitambaa chekundu, akitaka usiku wa mbalamwezi anavuta cha buluu. Alisajili utaratibu huo Paris mwaka 1901. Baadaye akaongeza kuba kubwa la kitambaa nyuma ya jukwaa, ili mbingu ionekane haina kona wala mwisho.

Kutoka jukwaani hadi sebuleni

Elimu hiyo ndiyo aliyoingia nayo majumbani. Mwaka 1907 alitoa taa ya kusimama yenye miguu mitatu, na juu yake kofia pana mfano wa mwavuli, nje nyeusi na ndani nyeupe. Balbu inatazama ndani ya kofia, na mwangaza unagonga kule ndipo unaporudi chumbani. Taa hiyo bado inauzwa mpaka leo, na wapiga picha wanaotumia mwavuli mweupe studio wanafuata njia iyo hiyo.

Lakini zinazopendwa zaidi na macho ni taa zake za hariri. Alikuwa akiishi na kufanya kazi katika jumba la kale la Palazzo Pesaro degli Orfei pamoja na mwenzake Mfaransa, Henriette Nigrin, ambaye baadaye alimuoa. Jumba hilo waligeuza karakana: hapa panachovywa nguo rangi, pale panachapwa nakshi, kule panashonwa. Taa zenyewe ni hariri iliyovutwa juu ya fremu nyembamba za chuma, ikachorwa nakshi kwa mkono, ikaning'inizwa kwa kamba za hariri zenye vishada na shanga za kioo za Murano, kile kisiwa cha mafundi wa kioo kando ya Venice.

Yako maumbo kadhaa. Moja ni sahani tatu zinazofuatana, kubwa juu na ndogo chini, na inaitwa Scheherazade, jina la yule bibi wa hadithi za Alfu Lela Ulela. Nyingine ni duara lililobonyea kama ngao, nayo huitwa ngao ya Kisarasini. "Sarasini" ni jina Wazungu wa zamani waliloliita Waislamu. Nyingine ndefu, ya kuning'inia, inaitwa Cesendello.

Sikilizeni habari ya hiyo Cesendello. Ni jina la Kivenice la taa ya mafuta ya kioo inayoning'inizwa, na ukiitazama utaona udugu wake na taa za misikitini. Misri na Shamu, katika zama za Wamamluki, mafundi walitengeneza taa za kioo zilizonakishiwa kwa rangi na dhahabu, nyingi zikiwa zimeandikwa Aya ya 35 ya Surat Nur. Venice ilifanya biashara na miji hiyo kwa karne nyingi. Baadaye mambo yakageuka: mwaka 1569 waziri mkuu wa Dola ya Othmaniya, Sokollu Mehmed Pasha, aliagiza taa 900 za msikiti kutoka Venice. Wanafunzi wakawa wanawauzia waalimu.

Fortuny naye alikuwa katika mkondo huo. Nakshi za nguo zake amezitoa Andalus, Uturuki, Uajemi na Misri, na ziko nguo zake zenye mistari inayoiga hati ya Kikufi. Alishona hata abaya na burnusi kwa mabibi wa Ulaya. Mimi hilo silioni ni wizi. Alikaa na vitu hivyo miaka, akajua kila uzi umepitaje, ndipo akafanya chake. Ninachotaka tuone sisi ni kwamba Wazungu walizitoa pesa nyingi kwa ladha iliyozaliwa katika nyumba za Waislamu, na sisi tulio wenyewe wa ladha hiyo twaiuza rahisi.

Kitambaa kinaufanya nini mwangaza?

Mwangaza ukigonga kitambaa, hugawanyika mafungu matatu. Fungu moja linarudi lilikotoka, fungu la pili linapenya baina ya nyuzi, na la tatu linamezwa na kitambaa na kugeuka joto. Ustadi wote wa taa ya nguo ni kuyapanga mafungu hayo.

Kitambaa cheupe au cha rangi hafifu humeza kidogo. Cheusi humeza karibu wote, chumba kibaki giza na kitambaa kipate moto. Kwa hivyo rangi nzito inafaa kwa pambo la pembeni, haifai kuizunguka balbu yote. Taa za Fortuny zenye umbo la sahani zimetumia mafungu mawili kwa pamoja. Sehemu ya mwangaza inapanda juu, inagonga dari na kurudi chumbani ukiwa laini, na sehemu nyingine inapenya hariri na kuzionyesha nakshi. Mwenye kukaa chini yake haioni balbu kabisa.

Na kwa nini hariri? Ukiutazama uzi wa hariri kwa darubini, utaona hauko mviringo, una pembe tatu zilizolainika. Pembe hizo zinauvunja mwangaza na kuurusha huku na huku, ndipo hariri ing'are kila inapotikisika. Uzi wa pamba ni bapa na umejipinda kama utepe, kwa hivyo hautoi ule mng'aro. Unatoa mwangaza mtulivu, wa maziwa. Sisemi kwamba pamba ni duni. Ina tabia yake tu, na anayeshona lazima aijue.

Pwani yetu si mgeni wa hariri. Wareno walipofika huku waliandika habari za nguo za hariri za Pate. Lakini leo mkononi tuna leso na kikoi, zote za pamba, na zote zinafaa taa kwa njia tofauti.

Kikoi kimefumwa kwa nyuzi zilizokwisha kutiwa rangi, kwa hivyo ndani na nje ni sawa, ukikiweka vyovyote kinakubali. Ni kizito kidogo, mwangaza wake unakuwa wa chini, mzuri kwa chumba cha kulala na baraza. Leso imechapwa. Ni nyepesi, inapenyeza zaidi, na taa ikiwashwa rangi zake zinaamka. Lakini leso ina pindo, mji na jina, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanakata popote mkasi unapofika, nusu ya mji inakwenda huku, jina linakatika katikati. Fundi mwenye akili huitandika leso kwanza, akaamua mji ukae mbele, pindo liwe ukingo wa juu na wa chini, na jina lisomeke. Tena aangalie upande: leso ikishonwa kinyume, mchana hutaona kosa, lakini usiku balbu ikiwaka jina litasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo. Kisutu, kwa rangi zake nzito, kinataka kiwekwe kama mkanda tu juu ya kitambaa cheupe, la sivyo utapata taa isiyoangaza.

Kipimo ni rahisi. Kabla ya kukata, beba kitambaa dirishani jua likiwa kali, kitandaze baina yako na mwangaza, kisha rudi nyuma hatua tatu. Utakachokiona hapo ndicho utakachokiona taa ikiwaka. Na maandiko ya Qur'ani tusiyatie katika taa za mapambo ya vyumba vya wageni. Taa za Wamamluki zilitundikwa misikitini, mahali pa heshima yake.

Balbu ya kuchagua, na hatari ya kuepuka

Balbu za zamani za waya huwaka kwa joto. Chini ya sehemu 10 katika 100 za stima yake ndizo zinazokuwa mwangaza, zilizobaki zote ni moto. Balbu kama hiyo ikikaribiana na pamba au hariri, kitambaa kinageuka rangi, kinakauka na mwisho kinaweza kushika moto. Katika nyumba za Mji wa Kale zilizobanana, zenye boriti na ngazi za mbao, moto wa chumba kimoja ni moto wa mtaa.

Tumieni balbu za LED. Ya wati 8 au 9 inaangaza kama ile ya zamani ya wati 60, na joto lake ni dogo. Hata hivyo kitako chake hupata moto, kwa hivyo acheni nafasi juu na chini hewa ipite, na balbu isigusane na kitambaa. Tazameni pia namba yenye herufi K kwenye boksi. Ya 6500K ni nyeupe yenye ubuluu, inaua rangi nyekundu na ya manjano za leso. Ya 2700K mpaka 3000K ina umanjano wa kandili, na hiyo ndiyo inayopendeza nguo.

Kisha fremu. Hewa yetu ya chumvi inakula waya wa kawaida, na kutu inaingia kitambaani na haitoki. Fremu ya shaba nyeupe au waya uliopakwa zinki inadumu zaidi. Na kwa kuwa fremu ni chuma, fundi wa stima lazima ahakikishe hakuna waya ulio wazi unaoigusa. Volti 240 hazina mzaha. Kitambaa nacho kifungwe kwa vifungo au kamba, si gundi, ili kiweze kuvuliwa kikafuliwa, maana vumbi na ukungu wa kusi havingoji.

Mali bila daftari

Sasa nirudi kwa "fundi tu". Fortuny alisajili hataza zaidi ya 20 katika maisha yake, za taa, za nguo, za kuchapa nakshi. Kila alichobuni alikwenda kukiandikisha. Hiyo ndiyo sababu leo hakuna anayeweza kusema taa zile zilitengenezwa na fundi wa mtaani Venice.

Lakini hata katika habari yake mna funzo jingine. Vazi lililompa umaarufu mkubwa, lile gauni la hariri la mikunjo liitwalo Delphos, alisajili utengenezaji wake kwa jina lake mwaka 1909. Kwenye karatasi za hataza hiyo aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mbunifu wa kweli ni Henriette, na kwamba yeye aliweka jina lake kwa haraka ya kuwasilisha maombi. Mstari mmoja wa wino ndio uliookoa haki ya yule bibi. Bila huo, nani angejua? Fortuny alifariki mwaka 1949, na ni Henriette aliyelipa jiji la Venice lile jumba, ambalo sasa ni makumbusho.

Ninalileta hili kwa sababu lipo karibu nami. Mpwa wangu hapa Mombasa hushona taa za leso. Umbo lake alilibuni mwenyewe: leso mbili za doti moja, moja ndani moja nje, mji wa ile ya ndani unajitokeza pale tu taa inapowaka. Hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilimwagiza taa kadhaa. Ndani ya kila moja alikuwa ameshona kitambaa kidogo chenye jina lake. Akaambiwa avitoe vyote kabla ya kupokewa mzigo, na kwa kuwa ada ya skuli ilikuwa inangoja, akavitoa. Miezi baadaye tuliona taa za umbo lile lile dukani, zimeshonwa na mwingine kwa bei rahisi. Hana picha zenye tarehe, hana mchoro, hana karatasi ya oda. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yake imepotea namna hiyo.

Kenya ina sheria ya jambo hili. Taasisi ya serikali iitwayo KIPI husajili maumbo mapya ya bidhaa. Usajili hudumu miaka 5, na unaweza kurudiwa mara mbili, ikawa jumla miaka 15. Sharti kubwa ni umbo liwe jipya, kwa hivyo anayebuni asikawie, asingoje mpaka limeenea sokoni. Mchoro wa nakshi nao una ulinzi wa hakimiliki. Asiyeweza gharama leo, angalau aanze na daftari: achore umbo, aandike tarehe, apige picha, na asipeleke mzigo bila karatasi ya oda yenye jina lake. Vikundi vya akina mama vinaweza kuchanga na kusajili pamoja, kama wanavyochangiana mambo mengine.

Na nyinyi wenye hoteli mnaosoma hapa, wengi wenu ni watoto wa huku huku. Kuandika jina la fundi kwenye kadi ndogo mezani hakupunguzi hata shilingi moja katika pato lenu. Mgeni akiuliza, mtajieni jina la aliyeshona na mtaa anaokaa. Hilo ni haki yake kabla halijawa hisani yenu.